Choo kimepimwa, lakini kimepimwa nini?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo wengi wetu hatulitaji mbele ya wakwe, nalo ni choo kikubwa. Katika wiki za karibuni gari la matangazo limekuwa likipita mtaani kwetu Nkuhungu, hapa Dodoma, likiwaalika wananchi wakapimwe bure presha, sukari na, kwa maneno ya mtangazaji mwenyewe, "saratani ya utumbo kwa choo tu, majibu hapo hapo". Sina ugomvi na upimaji wa bure, na wanaojitolea kuufanya juani wanastahili shukrani. Ugomvi wangu ni na hayo "majibu hapo hapo", kwa sababu kwa ninavyokijua mimi kipimo hicho, kazi yake ni kumwonyesha mtu kama ana sababu ya kwenda kutafuta jibu mahali pengine, na asiyeelezwa hivyo anaweza kurudi nyumbani akiwa hatarini zaidi kuliko alivyotoka.

Nimefanya kazi ya maabara kwa miaka 31 katika wilaya za mkoa huu kabla ya kustaafu. Nilianza enzi ambazo mgonjwa alileta choo chake ndani ya kiberiti kilichofungwa kwa uzi, amekishika kwa ncha za vidole huku akitazama pembeni kana kwamba kiberiti si chake. Vikopo vya plastiki vyenye kijiko kwenye kifuniko vilikuja baadaye. Kisichobadilika ni lile neno "kupima choo". Mgonjwa husema amepimwa choo, daktari huandika apimwe choo, na mara nyingi kila mmoja ana kipimo chake kichwani.

Ukweli ni kwamba katika maabara zetu neno hilo limebeba vipimo ambavyo havina undugu wowote. Kilichozoeleka kuliko vyote ni cha hadubini, ambapo choo kidogo huchanganywa na tone la maji ya chumvi juu ya kioo, kikafunikwa kwa kioo chembamba, na mpimaji akatafuta mayai ya minyoo, amiba na viumbe wa aina hiyo. Kipo kinachotafuta bakteria wa vidonda vya tumbo, ambacho siku hizi hata maabara za mitaani wanacho, na ambacho kimewafanya watu wengi mjini hapa waamini kwamba wakishakifanya basi tumbo zima limekaguliwa. Halafu vipo vinavyotafuta damu isiyoonekana kwa macho. Hivi vya mwisho ndivyo vinavyotumika katika uchunguzi wa saratani ya utumbo mpana, na hata hivyo havioni saratani yenyewe. Vinaona damu, na msingi wake ni matumaini kwamba uvimbe uliomo ndani umevuja siku ile ile ambayo sampuli ilichukuliwa.

Nieleze kwa nini nalishikilia jambo hili. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni mkulima wa zabibu Hombolo. Akiwa na miaka 58 alianza kuona damu kwenye choo, akajipa jina la bawasiri kama wanavyojipa wanaume wengi, akanunua dawa ya kupaka. Choo kilipoanza kuwa chembamba na cha kusumbua alikwenda kituo kimoja cha afya, ambacho sitakitaja kwa kuwa yaliyompata yangeweza kumpata popote. Akapimwa choo. Karatasi ikaandikwa kwamba hakuna mayai ya minyoo wala amiba. Aliikunja mara nne akaiweka kwenye mfuko wa shati, na kila nilipomwuliza habari za tumbo aliitoa na kunikunjulia: "Shemeji, wewe ndiye mtu wa maabara. Soma mwenyewe, niko safi."

Nilisoma, nikamwambia kwamba hapo hakupimwa damu. Akatii, akaenda mahali pengine, akafanyiwa kile kipimo cha haraka cha damu iliyojificha, kikatoa mstari mmoja, maana yake hasi. Nakiri hapa, Mhariri, kwamba mstari ule mmoja ulinituliza hata mimi, ambaye nilipaswa kujua kwamba mtu anayeona damu kwa macho yake hahitaji kipimo cha kutafuta damu isiyoonekana. Alichokihitaji ni daktari wa kumtazama, kumpima kwa kidole, kisha kumpeleka kwenye kamera. Ilipita miezi minane mingine. Alipokuja kufikishwa hospitali ya rufaa alikuwa amepauka mikono na midomo kwa upungufu wa damu, na kolonoskopia, yaani kamera inayopitishwa kwa mpira kwenye njia ya haja kubwa kukagua utumbo mpana, ilikuta uvimbe upande wa kushoto wa utumbo, umekaribia kuziba njia. Alipasuliwa, anaishi, anakwenda shambani na mfuko wa choo tumboni, na bado hupogoa mizabibu yake mwenyewe.

Sasa nigeukie vipimo vyenyewe, maana watu huuliza kama vinaaminika na hujibiwa kwa neno moja, ndiyo au hapana, wakati swali lenyewe halikubali jibu la neno moja.

Kipimo cha zamani cha damu iliyojificha hutumia karatasi iliyopakwa utomvu wa mti uitwao gwayako. Mtu hupaka choo kidogo kwenye vidirisha viwili vya kadi, kwa siku tatu tofauti, vidirisha sita kwa jumla. Mpimaji hudondosha peroksidi ya haidrojeni upande wa nyuma, na kama kuna damu, karatasi hugeuka buluu kabla dakika moja haijaisha. Ni buluu nzuri, yenye kingo zilizochanika kama wino uliomwagikia karatasi ya daftari, na ikitokea hafifu wapimaji wawili waliosimama kwenye meza moja wanaweza kubishana kama ipo au haipo. Nimeshiriki mabishano hayo.

Tatizo lake ni kwamba utomvu ule hauijui damu ya binadamu. Unachokijibu ni ile sehemu ya damu yenye madini ya chuma, na hiyo ng'ombe anayo, mbuzi anayo. Mtu aliyekula nyama choma mnadani Msalato Jumamosi na kuleta kadi yake Jumatatu anaweza kuonekana anavuja damu wakati kinachoonekana ni mbuzi. Figili na mboga nyingine kadhaa mbichi zina kemikali inayoleta buluu hiyo hiyo. Dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini, ambazo watu wetu humeza kwa mgongo na magoti bila kuuliza, huweza kuchubua tumbo la juu likatoa damu kweli, lakini damu isiyo na uhusiano na utumbo mpana. Minyoo ya safura nayo hunyonya na kuvujisha.

Upande wa pili, vitamini C nyingi huizuia buluu isitokee hata damu ikiwapo, na ndiyo sababu maelekezo ya kipimo humtaka mtu asizidishe miligramu 250 kwa siku katika siku za kupima. Sisi wa Dodoma tunaishi chini ya mibuyu. Ubuyu una vitamini C kwa wingi, na watoto na wazee wetu hunywa juisi yake kutwa nzima. Sijawahi kuona karatasi ya maelekezo ya kipimo hiki inayoutaja ubuyu. Hutaja machungwa na vidonge vya vitamini, kwa kuwa zimeandikwa na watu ambao mbuyu wameuona kwenye picha. Mpimaji wa hapa anapaswa kuuliza kwa mdomo.

Pamoja na kasoro zote hizo, kipimo hicho hicho duni kilithibitisha jambo kubwa. Katika jimbo la Minnesota, Marekani, watu 46,551 waligawanywa kwa bahati nasibu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1993 yalionyesha kwamba waliopimwa kila mwaka, na waliokutwa na damu wakafanyiwa kolonoskopia, walipungukiwa na vifo vya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 33 katika miaka 13. Nottingham, Uingereza, na kisiwa cha Funen, Denmark, ambako watu walipimwa kila baada ya miaka miwili, kupungua kulikuwa asilimia 15 na 18, kama ilivyochapishwa mwaka 1996. Naomba msomaji aangalie maneno "kila mwaka" na "kila baada ya miaka miwili". Hakuna mahali ambapo watu walipimwa mara moja kiwanjani wakapewa soda na kurudi nyumbani.

Kipimo kipya hutumia kingamwili zinazoitambua protini ya damu ya binadamu peke yake. Nyama ya mbuzi haikidanganyi, ubuyu haukizuii, na damu ya tumbo la juu kwa sehemu kubwa huwa imeshameng'enywa kabla ya kufika chini, kwa hiyo kikisema chanya kinaelekeza zaidi kwenye utumbo mpana. Hutosha sampuli moja. Kwa haki kabisa ni bora kuliko kile cha zamani, na nchi nyingi zimeshahamia huko. Scotland ilihama mwaka 2017 na England mwaka 2019. Lakini ubora wake una mipaka, na mipaka hiyo inapimika.

Uchambuzi uliojumlisha tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2014, ulikuta kwamba kipimo cha kingamwili kikifanywa mara moja hunasa saratani kwa takriban asilimia 79, na huwaacha kwa usahihi wasio nayo kwa takriban asilimia 94. Namba hizo zinapendeza hadi uziweke juu ya watu. Tuchukue hesabu ya mfano. Wamekuja watu 1,000 wenye umri mkubwa, wasio na dalili yoyote, na tuseme watano kati yao wana saratani bila kujua. Kipimo kitawanasa wanne na kumwacha mmoja. Kati ya wale 995 wasio nayo, asilimia sita watapata chanya, nao ni kama 60. Kwa hiyo wanaoambiwa "una damu" ni 64, na wenye saratani kati yao ni wanne tu. Wanaoambiwa "hakuna damu" ni 936, na mmoja wao amebeba uvimbe na karatasi ya kumtuliza.

Yule mmoja ndiye ninayemfikiria zaidi, kwa sababu nimemwona. Hata hivyo wale 60 nao si wa kupuuzwa. Wapo ambao watakutwa na vinyama vya utumbo vinavyoweza kuondolewa kabla havijawa saratani, na hao wamepata faida kubwa kuliko wote. Wapo wenye bawasiri. Kwa mji kama Dodoma, ambao tangu Serikali ianze kuhamia hapa mwaka 2016 umepokea watumishi kutoka kila kona ya nchi, wapo waliokulia Kanda ya Ziwa na kichocho cha tumbo, ambacho huchubua utumbo mpana na kuvujisha damu halisi ya binadamu ambayo kingamwili itaiona bila kujua imetoka wapi. Watu hao wakiambiwa kiwanjani, mbele ya foleni, kwamba kipimo cha saratani kimetoka chanya, wengine watakwenda kuandika wosia na wengine watakwenda kwa mganga, na katika hali zote mbili kamera haitawaona.

Mwaka huo huo wa 2014 ulichapishwa utafiti mwingine wa Marekani, ambamo watu karibu 10,000 walipimwa choo na wote wakafanyiwa kolonoskopia hata kama choo kilikuwa hasi, jambo linaloufanya kuwa wa kuaminika kwa namna ya pekee. Saratani zilizokuwapo zilikuwa 65. Kipimo cha kingamwili kilinasa 48, sawa na asilimia 73.8. Kipimo kingine kinachosoma vinasaba kwenye choo pamoja na damu kilinasa 60, lakini kiliwatia hofu bila sababu watu wengi zaidi, na bei yake bado haiwahusu wananchi wa kawaida wa huku kwetu. Namba ambayo matangazo huiruka ni ile ya vinyama vikubwa vilivyo njiani kugeuka saratani: kingamwili ilivinasa kwa asilimia 23.8 tu. Yaani zaidi ya robo tatu ya vinyama hivyo vilipita kimya. Havivuji kila siku, na vile vilivyo bapa, hasa upande wa kulia wa utumbo, huvuja kidogo mno.

Ndiyo maana kurudia si hiari ya mtu mwangalifu kupita kiasi bali ni sehemu ya kipimo chenyewe. Kinyama kwa kawaida huchukua miaka kadhaa, mara nyingi kama kumi, kabla ya kuwa saratani, na kila mwaka unaopima ni nafasi mpya ya kukikuta siku kinayovuja. Anayepimwa mara moja amenunua tiketi ya safari kumi akapanda moja.

Liko pia jambo la kiwango, ambalo wenzangu wa maabara watakubaliana nami kwamba halielezwi vya kutosha. Mashine kubwa hutoa namba: mikrogramu ngapi za ile protini ya damu ndani ya kila gramu ya choo. Mtu ndiye anayeamua namba ipi iitwe chanya. Scotland ilipoanza iliweka 80. England ilipoanza iliweka 120. Kwa hiyo choo chenye mikrogramu 100 kilikuwa chanya upande mmoja wa mpaka na hasi upande wa pili, ilhali mwenye choo ni yule yule. Uholanzi ilianza mwaka 2014 na 15, ikakuta wenye chanya ni wengi kuliko uwezo wa kolonoskopia zake, ikapandisha hadi 47. Sisemi walikosea, walipanga kulingana na mikono na mashine walizokuwa nazo. Nasema kwamba neno "hasi" limebeba ndani yake bajeti ya nchi fulani, na vile vipimo vya haraka vya mistari miwili tunavyovitumia, vinavyofanana na vya malaria, vina kiwango kilichoamuliwa kiwandani. Ni wapimaji wangapi wanaokisoma kwenye karatasi iliyomo ndani ya boksi kabla hawajaitupa? Nami nimelitupa boksi hilo.

Halafu kuna joto. Protini ya damu huharibika ikikaa kwenye joto, na ikiharibika kingamwili hazitaitambua. Huko Florence, Italia, watafiti walifuatilia vipimo kwa misimu na kuripoti mwaka 2010 kwamba uwezekano wa kupata chanya wakati wa kiangazi ulikuwa chini kwa asilimia 17 ukilinganisha na majira ya baridi. Damu za watu hazikupungua kwa sababu ya jua. Sampuli zilikuwa zinaharibika njiani. Sasa mtu na atafakari mwezi Oktoba au Novemba hapa kwetu, jua likiwa juu ya nyuzi 30, sampuli imetoka Bahi asubuhi ndani ya begi la bodaboda, imefika saa saba mchana, ikasubiri dirishani kwa kuwa mpimaji amekwenda kula. Vile vichupa vyenye maji maalumu ya kuhifadhi husaidia, lakini choo kilicholetwa kwenye kikopo kikavu hakina ulinzi wowote. Hasi ya namna hiyo mimi siiamini, na ninashauri sampuli zikusanywe asubuhi, zisafirishwe kwenye kasha la baridi kama tunavyosafirisha chanjo, na zipimwe siku hiyo hiyo.

Nitaje kwa ufupi desturi moja inayopaswa kuachwa. Baadhi ya madaktari, baada ya kumpima mgonjwa kwa kidole, hupaka kile kilichobaki kwenye glovu juu ya kadi na kuhesabu kwamba uchunguzi umefanyika. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2005 ulikuta kwamba sampuli moja ya namna hiyo ilinasa asilimia 4.9 tu ya vivimbe vikubwa na saratani, wakati kadi ya sampuli sita iliyojazwa nyumbani ilinasa asilimia 23.9. Kidole chenyewe ni muhimu sana, kwa kuwa hugusa uvimbe ulio karibu. Ni ile kadi inayofuata ndiyo isiyo na kazi.

Swali ambalo majirani zangu huniuliza zaidi ni hili: nani basi apimwe choo? Jibu la wataalamu wa nchi zenye mpango wa taifa ni mtu asiye na dalili, aliyefikia umri fulani. Marekani umri huo ulishushwa kutoka 50 hadi 45 mwaka 2021. Kwa Afrika umri huo nauchukua kwa tahadhari, maana madaktari wa bara hili wamekuwa wakiripoti sehemu kubwa ya wagonjwa wao walio chini ya miaka 50, na mstari uliochorwa kwingine unaweza kuwaacha nje wengi tunaopaswa kuwaona. Mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeugua saratani hii aende moja kwa moja kujadili kolonoskopia na daktari. Na mwenye dalili, yaani damu inayoonekana, choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa bila sababu, kukonda, au upungufu wa damu kwa mwanaume au kwa mama aliyekoma hedhi, asipange foleni kwenye hema la upimaji wa bure. Najua England tangu mwaka 2023 madaktari hutumia kipimo cha kingamwili hata kwa wenye dalili ili kujua nani aanze kwenda kwenye kamera. Lakini wao husoma namba kwa mashine, huweka kiwango cha chini cha mikrogramu 10, na mgonjwa aliyetoka hasi hubaki mikononi mwa daktari anayemfuatilia. Kuchukua nusu ya utaratibu huo, ile nusu rahisi, ni hatari.

Kuhusu wanaopata chanya, kipimo kisichofuatiwa na kolonoskopia ni bora kisifanywe. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliowafuatilia watu wapatao 70,000 waliokuwa na chanya, ukaonyesha kwamba waliokawia zaidi ya miezi 10 kabla ya kolonoskopia walikutwa na saratani nyingi zaidi, na zilizosambaa zaidi, kuliko waliofanyiwa ndani ya mwezi mmoja. Kolonoskopia hufanyika katika hospitali kubwa, haifanyiki zahanati, na mkulima wa Mpwapwa au Kondoa atahitaji nauli, mtu wa kumsindikiza, siku moja ya kunywa dawa ya kusafisha tumbo na kushinda chooni, pamoja na gharama ya kipimo chenyewe kama hana bima. Wapo pia wanaume wanaosema wazi kwamba mpira wa kamera kupita njia hiyo ni aibu wasiyoweza kuibeba. Nimewasikia wakisema hivyo barazani, na shemeji yangu alikuwa miongoni mwao. Mwandaaji wa zoezi la upimaji ambaye hajajua wenye chanya atawapeleka wapi, siku gani, na kwa fedha ya nani, bado hajaandaa zoezi.

Kwa gazeti lako nina ombi dogo. Mnapochapisha habari kwamba watu mia kadhaa wamepimwa saratani ya utumbo, mwandishi aulize ni kipimo gani kilichotumika, wangapi walikutwa na damu, na wangapi kati ya hao walifika kwenye kamera. Swali la mwisho ndilo litakalowasumbua waandaaji, na ndilo lenye habari.

Kwa wenzangu wa maabara nasema hivi. Karatasi ya majibu itaje jina la kipimo kwa Kiswahili kinachosomeka: kama mmetafuta minyoo, andikeni mmetafuta minyoo na kwamba damu iliyojificha haikupimwa. Kama mmepima damu, andikeni aina ya kipimo, kiwango chake, saa ambayo sampuli ilichukuliwa na saa iliyopimwa. Hasi ifuatiwe na sentensi moja inayosema kwamba majibu haya hayaondoi uwezekano wa ugonjwa, na kwamba mwenye dalili arudi kwa daktari. Wino wa sentensi hiyo haugharimu kitu.

Ile karatasi ya shemeji ninayo mimi sasa. Aliniachia siku alipolazwa, imechakaa kwenye mikunjo na ina doa la jasho la mfuko wa shati. Chini kabisa, baada ya jina la kipimo na sahihi, kuna mstari uliochapishwa "Maoni ya mpimaji", na mbele yake hapakuandikwa chochote. Mstari huo huo nimeuacha wazi mimi mwenyewe, kwa miaka 31, mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Mteknolojia wa maabara mstaafu,
Nkuhungu, Dodoma